Shamba Lililopata Msaada

Mwezi uliopita nilirudisha ofisini koti la mvua, buti za mpira na funguo za pikipiki. Karani wa stoo aliniuliza kama kuna mali nyingine ya serikali niliyobaki nayo nyumbani. Nilimwambia ofisi yetu haijawahi kuwa ya serikali. Akaandika kwamba hakuna. Ndivyo ilivyoisha kazi yangu ya ukaguzi wa kilimo hai, kazi ambayo mama yangu mzazi, mpaka anaaga dunia, aliwaeleza majirani kuwa ni ya kuangalia kama watu wamelima.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie machache kabla sijaanza kusahau na kutunga. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vidogo, na mtavifikia wenyewe bila msaada wangu.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wako wenzenu walioajiriwa juzi ambao sijawahi kuwaona nje ya ofisi. Mkulima anakuja kusema kwamba hatumii dawa za viwandani, hatumii mbolea ya chumvichumvi, na mbegu zake hazikuchezewa maabara. Sisi tunakwenda kuona kama ni kweli. Tunamtembelea miaka mitatu, ile tunayoiita ya mpito, na mambo yakiwa sawa anapata cheti. Dawa ikiingia shambani katikati ya safari, anarudi mwaka wa kwanza. Hakuna polisi wala faini. Kuna mkaguzi tu, mwenye jembe dogo, mifuko ya karatasi na pua.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa na Madam Nekesa, mama mfupi wa Bungoma aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulikwenda kwa mkulima mmoja upande wa Turbo. Mkulima alikuwa amefyeka njia, amepaka mawe chokaa na kufunga tai. Alituongoza moja kwa moja hadi kwenye kabichi. Mimi nikazisifu, maana zilikuwa za kusifiwa. Nilipogeuka, Madam Nekesa hakuwepo. Nilimpata nyuma ya choo, amepiga magoti kando ya shimo la taka, anachokora kwa kijiti.

"Hizo kabichi zimeandaliwa kwa ajili yako," aliniambia bila kuinua kichwa. "Hili shimo hakuna aliyeliandaa."

Akatoa chupa tupu ya dawa ya vidukari, bado ina rangi yake. Mkulima aliiangalia, akaniangalia mimi, kisha akalegeza tai. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na kabichi.

Somo lililofuata lilikuwa la chai. Huku kwetu mgeni haondoki bila chai, na mkaguzi akishakunywa chai ya mtu anaanza kuona shamba lake kwa macho ya mgeni. Madam Nekesa alikuwa akikataa, na ziko nyumba ambazo mpaka leo zinamkumbuka kama yule mama mwenye maringo. Mimi nilipata njia yangu. Nikifika tu, kabla salamu hazijaisha, naomba chai iwekwe motoni. Mwenye nyumba anahangaika na kuni, mimi naingia shambani peke yangu. Mbinu hii nawaachia bure.

Kuhusu pua, dawa nyingi zina harufu isiyoondoka haraka. Inakaa kwenye gunia, kwenye ukuta wa stoo, kwenye kola ya koti. Madam alinikataza kujipaka manukato siku za kazi, na kwa kuwa siku zote zilikuwa za kazi, niliishi bila manukato. Mke wangu hakuwahi kumsamehe.

Wakulima waliniita Daktari. Sikusomea udaktari wa kitu chochote. Lakini mtu akija na mkoba, akachuchumaa na kutazama jani moja kwa muda mrefu bila kusema, huyo ni daktari. Nilipoona kukataa kunachukua muda mwingi kuliko kuitika, nikaitika.

Kesi zilikuwa nyingi. Kuna bwana aliyekuwa na mashamba mawili, moja la kuuza na moja la wageni, na hilo la wageni alilipenda kiasi cha kulizungushia maua. Kuna mwingine aliyekuwa akinunua sukuma wiki sokoni Eldoret alfajiri na kuziuza tena kama za cheti saa tatu. Huyo tulimkamata kwa sababu alipeleka karoti, na karoti hakuwahi kupanda. Lakini walionichosha zaidi hawakuwa wakulima. Kikundi kimoja kilikuwa kikipeleka mboga mtaa wa matajiri wa Elgon View kila Jumamosi. Mama mmoja wa huko alirudisha spinachi kwa sababu ilikuwa na kiwavi. Kikundi kikaanza kuchambua mboga zake jani kwa jani. Baadaye akapiga simu ofisini kulalamika kwamba siku hizi haoni mdudu hata mmoja, sasa atajuaje kama ni organic ya kweli? Nikatumwa kwenda kumweleza. Nilikaa kwenye kochi lake nikaeleza vizuri, na alinisikiliza kwa makini. Mwishowe akauliza kama haiwezekani kiwavi aletwe kando, kwenye mfuko wake mwenyewe.

Kisha yakaja mabishano ya mahindi ya GMO, yale ya mbegu iliyochezewa maabara. Redio ilisema hivi asubuhi na vile jioni. Upande wetu jambo hilo ni jepesi: mbegu ya namna hiyo haiingii kwenye kilimo hai, kwa hiyo unauliza mbegu ilitoka wapi, unaonyeshwa pakiti, basi. Lakini watu walitaka zaidi. Mzee mmoja aliniletea hindi lenye vichwa vitatu, amelifunga kwenye gazeti, akataka kujua akilila kama ataweza kuzaa. Alikuwa na wajukuu wa kuoa. Mwingine aliniuliza, kwa heshima zote, akitaka kujiunga na organic aanze na GMO ya aina gani. Nilijifunza kutocheka. Maneno yote mawili, organic na GMO, yaliletwa na wageni wenye magari, na mgeni akishapanda gari lake anaamini ameeleweka. Hata sisi tuliamini hivyo, na shamba moja la kijiji kinachoitwa Ziwa liliharibika kwa sababu hiyo.

Shamba hilo ni la Mama Chebet. Ana mahindi na maharagwe, mboga kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa. Mumewe alikuwa fundi wa kupiga dawa. Alikodiwa na mashamba makubwa ya ngano, akabeba pampu mgongoni miaka nenda miaka rudi, bila glavu, na kitambaa puani siku akikikumbuka. Kifua kikamharibikia, akafa. Hospitali haikusema ni dawa. Mama Chebet alisema ni dawa, na baada ya mazishi akatangaza kwamba haitaingia kwake tena maisha yake yote. Ndipo akajiunga na kikundi cha wakulima wa kilimo hai tulichokuwa tukikikagua. Nimekagua watu waliojiunga kwa ajili ya soko, na waliojiunga kwa ajili ya semina na chakula chake cha mchana. Yeye peke yake ndiye niliyemjua aliyejiunga kwa hasira.

Alikuwa na watoto wawili, wote Nairobi. Waliokuwa karibu ni majirani. Wa kwanza ni Mzee Kirwa, shamba lake limetenganishwa na la Mama kwa ua wa miti tu, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anasali. Wa pili ni Abdi, mwenye agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo, pale senta ya Ziwa, ambaye watu wake walitoka Garissa zamani na sasa anajua ugonjwa wa kila ng'ombe wa eneo lile kwa jina la ng'ombe. Abdi alipoteza mteja Mama Chebet alipoingia kilimo hai, lakini hakuacha kumsalimia.

Mwaka wake wa tatu wa mpito, mwaka wa cheti, viwavi jeshi waliingia Ziwa. Mahindi yakatobolewa kama chekecheo. Na katikati ya hayo Mama Chebet akashikwa na tumbo, akakimbizwa mjini, akapasuliwa na kulazwa.

Nilipata habari kwa simu, na ukaguzi wake nikausogeza mbele mpaka apate nafuu. Nilipofika alikuwa amesharudi. Alinipokea langoni, anatembea polepole, mkono mmoja tumboni. Nikaomba chai iwekwe motoni, nikaingia shambani.

Njia nzima kutoka barabarani nilikuwa nimeona mahindi yaliyochakaa. Ya Mama Chebet yalisimama safi, ya kijani, majani mazima. Ningekuwa mgeni ningefurahi. Nilichuchumaa nikafungua moyo wa mhindi mmoja, pale katikati majani yanapojikunja, ambapo kiwavi hukaa. Alikuwepo. Amekauka, mweusi. Nikafungua wa pili, wa tatu, mstari mwingine, kona nyingine. Wote walikuwa pale pale, wa ukubwa mmoja, wamekauka. Viwavi wakiuawa na ndege au na ugonjwa wao, wanakufa mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo. Wakifa wote wakiwa na umri mmoja, kuna mtu alipita na pampu.

Nilipoinua kichwa, Mama Chebet alikuwa mwisho wa mstari, amesimama. Hakusogea karibu.

"Mama," nikasema, "kuna mtu alipiga dawa hapa?"

"Chai imeiva," akasema.

Tulikunywa chai. Kisha akaweka kikombe chake chini.

"Daktari, andika ni mimi nilipiga."

"Wewe ulikuwa umelazwa."

"Andika ni mimi."

Nikamweleza mambo yalivyo. Jirani akipiga bila mwenye shamba kujua, mwenye shamba anarudi mwaka wa kwanza. Ni uchungu, lakini anaendelea. Mwenye shamba akipiga mwenyewe kwa makusudi, anatolewa kikundini na harudi tena. Nilimweleza mara mbili, maana nilidhani hajaelewa.

"Nimeelewa," akasema. "Ile siku nilishuka kwa gari kutoka hospitali, harufu niliijua kabla ya mlango kufunguliwa. Si nililala na hiyo harufu kwa koti ya mzee wangu? Nao majirani walikuwa wamesimama hapo kwa gate, wote. Wamelima, wamekamua ng'ombe, wamefagia mpaka choo. Kirwa anasema, 'Mama, angalia mahindi!' Nikasema asante. Nikaingia ndani nikalia kama siku ya mazishi. Halafu nikatoka nikawapikia."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Hiyo dawa Abdi alitoa bure. Kirwa alibeba pampu na ile mgongo yake mbaya. Akisikia aliniharibia miaka yangu yote, huyo mtu hatakanyaga hapa tena, atashindwa na aibu. Mimi niko peke yangu, Daktari. Nikianguka hapa usiku, nitaita certificate?"

Nilikuwa na jembe dogo na mifuko. Nikachukua majani ya maabara, nikamwambia kwamba siwezi kuandika kitu ambacho hakikutokea, hata kama kinamfaa mtu, na hasa kama kinamuumiza anayekiomba. Alinipa sahani ya mayai niende nayo nyumbani, na hata usoni hakunitazama.

Sasa, mnajua utaratibu wetu. Matokeo husomwa mbele ya kikundi chote pamoja na sababu zake, kwa sababu Madam Nekesa aliamini kwamba sababu isiposemwa, watu watatengeneza ya kwao, na yao huwa mbaya zaidi. Majibu ya maabara yalirudi kama nilivyojua yatarudi. Na zamu ya kuandaa mkutano mwezi ule ilikuwa ya Mama Chebet. Viti viliazimwa kwa Kirwa. Turubai la kivuli lilitolewa kwenye lori la Abdi.

Nilifika mapema makusudi. Nilimkuta Kirwa anapanga viti, na Abdi anakaza kamba za turubai. Niliona heri wasikie kutoka kwangu kuliko kusikia hadharani. Kirwa hakunipa nafasi.

"Daktari! Si uliona mahindi ya Mama? Ni sisi tulipiga hiyo kazi. Watu wote huku wameliwa, yeye hata jani moja. Leo certificate iko ndani, siyo?"

Nilihitaji muda kuelewa alichosema. Niliuliza yeye anadhani organic ni nini.

"Ni wale hawana uwezo wa dawa," akasema Kirwa, kwa upole, kama mtu anayeficha aibu ya mwenzake. "Mama ni mjane. Nani angembebea pampu? Sisi tulikuwa tunamhurumia miaka hii yote, lakini yeye ni mtu wa kujivunia, hangeomba. Sasa alipolazwa tukasema, hii ndiyo nafasi."

"Mimi nilijua ni kitu ya kanisa," akasema Abdi. "Kama kufunga. Nikasema mgonjwa ameruhusiwa kula."

Nikawaambia. Nilisema polepole na kwa maneno machache: kwamba hakukosa mtu wa kubeba pampu, kwamba hakutaka dawa hata tone moja, kwa ajili ya mumewe, kwamba alikuwa amebakisha ukaguzi mmoja tu apate cheti, na sasa anaanza upya. Kirwa alikaa kwenye kiti alichokuwa amekibeba, na uzito wake ukakizamisha miguu kwenye udongo. Abdi aliendelea kukaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Yeye anajua ni sisi?" Kirwa akauliza.

"Alijua tangu siku aliyorudi."

"Na akatupikia," akasema Kirwa.

Mkutano ulianza na maombi. Nilisoma mashamba yote kwa mpangilio, na nilipofika la Mama Chebet nikasema limerudi mwaka wa kwanza, dawa ilipigwa mwenyewe akiwa hospitalini. Minong'ono ikaanza. Kirwa, ambaye hakuwa mwanachama na hakupaswa kusema kitu, akasimama huko nyuma na kuvua kofia.

"Ni mimi," akasema, na mara hii hakuna ng'ombe ambaye angemsikia. "Mama, naomba unisamehe." Akatoka. Viti vyake akaviacha.

Mama Chebet hakulia wala hakumfuata, kidonda kilikuwa bado kibichi. Alinigeukia mimi.

"Umeona?" akasema. Mwenyekiti akasafisha koo na kuendelea na ajenda ya samadi.

Nitawaambia ukweli, iliniuma. Nilikuwa nimefanya kazi yangu sawasawa na kila mtu alikuwa ameumia. Madam Nekesa alikuwa amestaafu miaka mingi, nikampigia simu Bungoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ningemkosea zaidi kwa kuandika uongo, kisha akauliza bei ya mahindi Eldoret. Sikufarijika.

Na ilikuwa kama Mama Chebet alivyosema. Viti vilichukuliwa na mke wa Kirwa. Kirwa mwenyewe akawa mtu wa kusalimia kutoka barabarani, tena akiwa hajasimama. Abdi alituma salamu na watu wengine. Nilipita kule kwa kazi za wakulima wengine, na kila mara nilimkuta Mama Chebet anapalilia peke yake, polepole, anapumzika kila baada ya mstari. Chai alinipa. Alikuwa mwanamke wa heshima, lakini nilikuwa nimemwondolea jirani, na chai ilionyesha hivyo, maana haikuwa na maziwa.

Msimu uliofuata mvua ilichelewa, na viwavi wakarudi. Asubuhi moja nilikuwa Langas nangoja pikipiki ya ofisi izibwe pancha, simu ikalia.

"Daktari, ni Kirwa. Yule wa dawa."

"Namjua."

"Mama amelazwa tena. Wanamfungua mara ya pili, ile ya kwanza haikupona vizuri. Na viwavi wameingia kwake tangu juzi. Mimi niko hapa kwa gate. Sijaingia."

"Uko na nani?"

"Tuko wengi. Abdi amefunga duka. Kila mtu anangoja mimi niseme, na mimi nangoja wewe. Niambie kitu ya kufanya, lakini usiniambie nimngoje yeye arudi, kwa sababu akirudi atapata mabua."

Nikamwambia kinachoruhusiwa. Waingie asubuhi, kiwavi akiwa bado juu ya majani. Wamtoe kwa mkono na kumponda. Aliyeingia ndani ya moyo wa mhindi, wamtilie udongo mkavu au majivu, kiganja kidogo kila mhindi, na warudie baada ya siku chache, na tena. Nikamwambia ni kazi ya kuchosha, na mahindi mengine yatakufa hata hivyo.

"Mikono tu?" akauliza.

"Mikono, udongo na majivu."

"Sawa," akasema Kirwa, akakata simu.

Nilifika mchana. Langoni kulikuwa na beseni, sabuni na mwanamke mmoja wa kusimamia. Kirwa alikuwa ametoa amri kwamba yeyote aliyeshika dawa kwake juma lile asiingie, na wengine wote wanawe mikono na kusugua viatu. Niliwaambia mimi ni mkaguzi. Nikanawishwa. Ndani, watu walikuwa wamejipanga mstari kwa mstari, wameinama, kila mmoja na kopo lake, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, na wanakwaya wawili bado wamevaa sare kwa sababu walipitia pale wakitoka mazoezi. Abdi alikuwa mstari wa katikati, mikono ya shati imekunjwa, anaponda viwavi huku uso umegeuzwa pembeni.

"Daktari," akaniambia, "niko na dawa kwa duka inamaliza hii kazi kabla ya chai."

"Najua."

"Wallahi nasema tu." Akachota majivu, akaenda kwenye mhindi mwingine.

Walirudi siku baada ya siku. Waliogopa kuondoka na waliogopa kukosea, na katika kazi yangu yote sijaona shamba lililosumbuliwa kwa uangalifu kiasi kile. Kirwa alinipigia kuuliza kama majivu ya kuni za mti fulani yanafaa. Alinipigia kuuliza kama jasho linaruhusiwa. Alinipigia kusema kwamba mtoto amekojoa mstari wa nne, aandike wapi. Nilimjibu kila mara, kwa sababu sikutaka aache kuuliza.

Mwaka wa cheti wa Mama Chebet sitaukagua mimi. Mmoja wenu ndiye atakayepelekwa, na sikuombi umwonee huruma. Anza na shimo la taka kama kawaida, chukua majani, fungua mioyo ya mahindi. Ukikuta dawa, andika dawa. Ila usisahau kwamba unachoandika kitamkuta mtu anayeishi pale baada ya wewe kuwasha pikipiki.

Siku aliyotoka hospitali nilikuwepo, si kwa kazi. Gari lilisimama langoni, akashuka akiwa ameshikwa na binti yake aliyetoka Nairobi. Majirani walikuwa wamesimama pale pale waliposimama mara ya kwanza, lakini hakuna aliyemwambia aangalie mahindi. Mahindi hayakuwa ya kuangaliwa. Yalikuwa yametobolewa, mengine yamekufa, na yote yalikuwa na majivu kichwani kama watu waliotoka kusaga unga. Kirwa alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

Mama Chebet aliangalia shamba muda mrefu. Kisha akamwita.

"Kirwa. Kuja unionyeshe."

Kirwa akaja. Wakaingia mstari wa kwanza, yeye mbele, Mama nyuma ameshikilia mkono wa binti yake, nasi tukafuata kwa mbali. Kirwa alieleza kila kitu kama mwanafunzi mbele ya ubao. Hapa tulitia majivu. Hapa majivu yaliisha tukatia udongo. Hapa kwaya waliimba, lakini nimeuliza Daktari, anasema haina shida. Hii imekufa, pole. Na hii imekufa, pole. Hii ni ile mtoto alikojolea, imekuwa kubwa kuliko zingine zote, sijui utasema nini kwa wale watu wa certificate. Hapa Abdi aliona kiwavi amepanda kwa shati yake, akapiga nduru, akakimbia mpaka kwa barabara, akarudi na boda boda kwa sababu alikuwa ameenda mbali.

Mama Chebet akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akaushika mshono kwa mikono miwili, akamwambia Kirwa anyamaze, inauma, tafadhali anyamaze. Abdi akasema kutoka nyuma kwamba si kweli, hakufika barabarani. Kirwa akasema alifika, na alilipa boda. Mama akaegemea bega la binti yake, machozi yanamtoka kwa kicheko, anamwomba anyamaze, na Kirwa, mstari mzima, hakunyamaza.